Moyo mwepesi katika jiji lenye kelele: mwongozo kamili wa kuishi na hisia nyingi na kutunza afya ya akili

Kuna watu ambao neno moja la mkato likisemwa asubuhi linawakaa moyoni hadi usiku. Konda anamfokea abiria mwingine kabisa, wao ndio wanaotetemeka. Wakisifiwa machozi yanawalenga, wakigombana na mtu hawalali. Mtaani wanaitwa wenye moyo mwepesi, wanaodeka, wanaojiendekeza. Akiwa mtoto wa kiume anaambiwa ajikaze, mwanaume halii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa wanaoishi nao nyumba moja.

Jambo la kwanza likieleweka vibaya, mengine yote yanaharibika: wepesi wa hisia si ugonjwa. Kwa sehemu kubwa ni maumbile. Wanasaikolojia, Elaine Aron wa Marekani akiwa miongoni mwa waliotangulia, wamekuwa wakiuchunguza kama jambo linalojitegemea tangu miaka ya 1990, na wanauelezea kuwa ni mfumo wa fahamu unaopokea vitu vingi na kuvichambua kwa kina kuliko kawaida: sauti, sura za watu, harufu, maneno. Mtu huyohuyo anayeumizwa na utani ndiye anayegundua mapema kuliko wote kwamba mgeni hana raha au mtoto ana homa.

Ila wepesi huu unaweza kukaa chumba kimoja na vitu vingine viwili. Kuna jeraha, kwa mfano kulelewa kwa matusi na vipigo, kufiwa, kudhalilishwa. Na kuna ugonjwa wenyewe, kama sonona au wasiwasi uliopitiliza. Maumbile hupangiwa maisha yanayoendana nayo, jeraha huhitaji mtu wa kulizungumza naye, ugonjwa hutibiwa. Ili uanze kutofautisha, jiulize: hali hii ni ya tangu lini? Ikiwa unajijua hivyo tangu utoto, yaelekea ni maumbile. Ikiwa ilianza baada ya tukio unaloweza kulitaja, tazama jeraha. Ikiwa umebadilika ndani ya wiki au miezi ya karibuni bila sababu unayoiona, nenda ukapimwe, na mwili pia upimwe. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na hasira za ghafla. Upungufu wa damu huleta uchovu na unyonge. Baadhi ya dawa hubadili hisia, na miezi baada ya kujifungua huwaangusha wanawake wengi ambao kabla ya hapo walikuwa imara.

Yanayofuata yote yanasimama juu ya jambo moja. Kazi ya kutunza hisia hufanyika kabla hazijapanda na baada ya kushuka. Zikiwa juu kabisa, kazi yako ni moja tu: usifanye lolote litakalokugharimu kesho. Wengi hukata tamaa kwa sababu wanajaribu kujirekebisha wakati tayari wanatetemeka, na wakati huo akili haipokei somo.

Anza na daftari, siku 14

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila hisia inapofika kiwango cha kukusumbua, andika mistari minne, usizidishe: saa, kilichotokea, hisia na ukali wake kati ya 0 na 10, na hali ya mwili siku hiyo. Mfano:

"Jumanne, saa 2 usiku. Dada kasema mbele ya wageni chai yangu haina sukari. Fedheha 7, hasira 4. Koo limekaza. Leo nimekula mara moja, jana nililala saa 8 usiku."

Ukiusoma mstari huo mara moja, utadhani tatizo ni dada na chai. Baada ya siku 14, chukua kalamu ya rangi nyingine, zungushia kila palipo na 7 au zaidi, kisha soma sehemu ya mwisho tu ya maandishi hayo: umekula nini, umelala saa ngapi, umetoka wapi. Mara nyingi hapo ndipo mchoro unapojitokeza. Mmoja atakuta milipuko yake yote iko kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, akiwa ametoka kazini na hajala tangu saa 6. Mwingine atakuta ni siku za Jumatatu. Mwanamke aweke alama siku ya kuanza hedhi. Ikiwa dhoruba huja siku 7 hadi 10 kabla yake na kutulia ndani ya siku chache baada ya damu kuanza, mwezi baada ya mwezi, amwoneshe daktari kurasa hizo, kwa kuwa hali hiyo inajulikana na ina tiba.

Zoezi hili huharibikia mahali pawili. Kwanza, watu huandika kurasa nne za malalamiko, na kila mstari unachochea kuni. Mistari minne inatosha. Pili, daftari huokotwa na mtu mwingine. Ukiishi chumba kimoja na wengine, andika majina kwa herufi moja moja na daftari litembee nawe.

Mwili ndio msingi wa nyumba

Usingizi kwanza, kwa kuwa mtu mwenye moyo mwepesi aliyelala kwa muda wa saa 4 tu ni sawa na asiye na ngozi. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Dar es Salaam inakuibia saa hizo kwa njia mbili, joto na kelele.

Joto la Desemba hadi Machi, pamoja na unyevu wa bahari, halikuachi hata usiku. Oga maji ya kawaida muda mfupi kabla ya kulala na usijikaushe sana, acha feni ikupulize ngozi ikiwa na unyevunyevu. Umeme ukikatika, shuka jepesi la pamba lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri linasaidia. Kunywa maji mchana badala ya kuyalundika usiku, maana kiu ya mchana kutwa huleta kichwa kuuma na hasira za bure, na maji ya usiku hukuamsha kwenda chooni.

Kelele ni kubwa zaidi: kigodoro mtaa wa pili, jenereta, mafundi wa kuchomelea, mkesha wenye spika nne. Pamba uliyoisokota haizuii sana. Tafuta vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Kuviweka kuna namna yake, na wengi huvilaumu kwa sababu huviweka vibaya. Nawa mikono. Sokota kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Ingiza kizibo, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 hadi kijitanue. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Kikianza kuwa kigumu au kichafu, tupa. Kama kelele ni ya kila wiki, kukesha ukinung'unika hakusaidii. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa majirani watatu au wanne, mchana. Ikishindikana, NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, hupokea malalamiko ya kelele.

Chai, kahawa, soda nyeusi na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi. Kafeini huleta mapigo ya mbio na mikono kutetemeka, na mwenye moyo mwepesi huzitafsiri dalili hizo kuwa ni hofu. Weka mpaka: kikombe cha mwisho saa 8 mchana. Kama unakunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku, punguza kimoja kila baada ya siku tatu, usiache kwa mkupuo, kichwa kitauma siku ya pili. Hilo ndilo linalowakuta wengi mwanzo wa Ramadhani, nao hudhani ni njaa peke yake. Pombe hukulaza haraka na kukuamsha saa 9 usiku na mawazo mengi.

Chakula kina kanuni moja: mchana usikae kwa muda wa zaidi ya saa 5 bila kitu tumboni, isipokuwa umefunga. Chapati na maharage kwa mama ntilie hukaa tumboni kuliko andazi na soda. Aliyefunga apange mazungumzo mazito baada ya futari.

Njia ya kwenda na kurudi

Safari ya Gongo la Mboto hadi Posta, au Mbagala hadi Kariakoo saa za msongamano, humaliza akiba ya siku nzima kabla ya kazi kuanza. Kama una uwezo wa kuondoka dakika 30 mapema, ondoka, si kwa ajili ya kuwahi tu bali kwa ajili ya kupata siti. Kaa dirishani. Vizibo vya masikio vinafanya kazi kwenye daladala pia, lakini kaa macho na kituo chako na mfuko wako.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Usiingie nyumbani moja kwa moja kutoka garini. Tafuta mahali pa kukaa dakika 10 bila simu, ukae hapo kwanza. Panaweza kuwa benchi la Mnazi Mmoja kabla ya kupanda gari, upande wa ufukwe, msikiti ulio kimya kati ya sala mbili, kanisa lililoachwa wazi, au kibaraza cha duka la jirani asiyependa maneno. Kwa siku ambayo huna kazi, Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi ni kati ya sehemu chache za katikati ya jiji ambako mtu haruhusiwi kupiga kelele. Dakika hizo 10 zimeokoa ndoa kuliko nasaha nyingi. Mwambie mwenzako mapema kwamba unazichukua, asije akadhani unapitia kwingine.

Wimbi likipanda

Hapa soma mara mbili ukiwa umetulia, na ujaribu hatua hizi siku ambayo hakuna tatizo, ili mwili uzijue.

Ondoka kwanza. "Naomba nitoke dakika mbili, narudi." Usieleze sababu. Chooni, koridoni, nje, popote.

Toa pumzi kabla ya kuvuta. Wengi wakiambiwa "pumua" huvuta hewa nyingi haraka haraka, vidole vinaanza kufa ganzi, kichwa kinazunguka, na wanaamini wanakufa. Sababu ni kwamba wametoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Kwa hiyo toa hewa yote polepole kama unayepoza chai, ukihesabu hadi 6. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo ndilo litoke, mabega yabaki chini. Rudia mara 10 hadi 15. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo, kwa hiyo usiifupishe.

Kama bado uko juu ya 7, tumia baridi. Jaza beseni maji yenye barafu, shika pumzi, zamisha uso hadi kwenye macho na mashavu kwa sekunde 15 hadi 30. Pasipo beseni, funga barafu ya mfuko kwenye kitambaa, inama, ibandike chini ya macho na mashavuni. Mwili unadhani umezama majini na unapunguza kasi ya moyo wenyewe. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayezimia ovyo asifanye hivi, abaki na pumzi.

Halafu tumia miguu. Panda na kushuka ngazi au tembea kwa kasi dakika 10. Hasira na hofu huandaa misuli kwa kupigana au kukimbia, na nguvu hizo zisipotumika zinabaki zikichemka.

Sasa lile jambo moja: kwa dakika 20 usijibu ujumbe, usipige simu, usiache kazi, usimwache mtu, usiweke chochote kwenye hali ya WhatsApp. Unachotaka kukituma, kiandike kwenye daftari. Kesho asubuhi, ukiwa umekula, kisome. Kama bado ni kweli, kitume.

Machozi yaache. Ukiwa mbele ya watu na hutaki yatoke, kunywa maji mafundo madogo madogo na utazame juu kidogo, lakini baadaye jipe nafasi ulie. Machozi yanayozuiwa wiki nzima huchagua siku mbaya.

Kuna wimbi la aina yake ambalo moyo hudunda, kifua hubana, na unahisi mauti. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Ikiwa ni mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yanakwenda mkononi au tayani, nenda hospitali bila kujadiliana na nafsi. Ukishapimwa na moyo ukawa mzima, ndipo ulichukulie kama wimbi na ulisubiri lipite.

Ipe hisia jina lake

"Najisikia vibaya" ni gunia. Ukilifungua, ndani kuna vitu vinavyohitaji dawa tofauti, na Kiswahili kina majina yake. Aibu ni ile unayojionea mwenyewe, fedheha ni ile uliyotendewa mbele ya watu. Aibu mara nyingi hupona ukimsimulia mtu mmoja unayemwamini, fedheha hupona ukizungumza na aliyekutenda. Hasira huja na kuondoka, kinyongo ni hasira iliyopewa chumba na kitanda. Huzuni ina sababu unayoijua. Simanzi na majonzi ni za msiba na hazina haraka, usizifukuze. Fadhaa ni kuchanganyikiwa kwa mambo kuwa mengi, na dawa yake ni kupunguza mambo, si kujikaza. Upweke unaweza kukupata ndani ya nyumba ya wapangaji 12. Majuto yanadai utengeneze ulichoharibu. Unyonge mara nyingi ni njaa, kukosa usingizi au upungufu wa damu, angalia mwili kwanza.

Hili si zoezi la lugha kwa ajili ya uzuri wake. Hisia iliyopewa jina halisi hupungua nguvu, na inakuambia hatua inayofuata. Kwenye daftari lako futa kila "vibaya" na uweke jina.

Watu, maneno na simu

Jifunze kutenganisha utani na masimango. Utani una pande mbili, unajibika, na mtani akiona umeumia kweli anaacha. Katika misiba mingi mtani anaweza kuingia akiigiza mwendo wa marehemu na watu wakacheka huku wanalia. Hajatukana, anafanya kazi yake ya kimila. Masimango ni upande mmoja: nimekulisha, nimekuvisha, leo unanijibu. Utani jifunze kuujibu hata kwa sentensi moja. Masimango hayajibiwi papo hapo, yanawekewa mpaka baadaye.

Mpaka kwa mkubwa hauwekwi mbele ya watu. Subiri siku ipite, mkute ametulia, msalimie ipasavyo, kisha sema mambo matatu kwa mpangilio huu: kilichotokea, ulivyojisikia, unachoomba. "Shikamoo mama mdogo. Nina neno, naomba unisikilize. Juzi mbele ya wageni uliposema sijui kupika, nilipata fedheha. Naomba nikikosea uniite pembeni." Usiseme "kila siku unanidhalilisha", maana atabishana na hiyo "kila siku" na ombi lako litapotea. Akikasirika, usirudie maelezo, sema "nimekuelewa, mama" na uondoke. Mara nyingi tabia hubadilika baadaye ingawa mdomo haukukubali. Ikiwa huwezi kabisa kumkabili, mtumie shangazi, mjomba au bibi. Kumtuma mtu mzima ni njia yetu ya siku zote ya kulinda heshima za pande zote mbili, si woga.

Kazini tumia muundo uleule kwa ufupi, na uombe kitu kinachotendeka: "Naomba makosa yangu uniandikie, nitayarekebisha haraka zaidi."

Simu ni mlango usio na kitasa. Zima milio ya makundi yote isipokuwa la familia ya karibu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu picha za ajali na maiti husambazwa bila onyo na mwenye moyo mwepesi hukaa nazo wiki. Soma makundi mara mbili kwa siku, kwa mfano saa 7 mchana na saa 1 usiku. Ujumbe wa sauti wa mtu unayejua huongea kwa ukali, usiusikilize kitandani.

Misiba haikwepeki na haipaswi kukwepwa. Nenda, lakini omba kazi: kugawa maji, kuosha vyombo, kuandika michango. Mikono yenye kazi hubeba huzuni vizuri kuliko mtu aliyekaa jamvini akipokea vilio vyote. Lala kwenu usiku, labda kama wewe ni mfiwa wa karibu, na siku inayofuata usiipangie jambo zito.

Mawazo ya usiku

Saa 12 jioni, kaa dakika 15 na karatasi. Gawa safu mbili. Upande mmoja andika mambo yenye mlango, yaani unaloweza kulitendea kitu kesho, na mbele yake andika kitendo kimoja na saa. Upande wa pili andika yasiyo na mlango: maradhi ya mzazi aliye mbali, alichofikiria fulani aliponitazama. Dakika 15 zikiisha, kunja karatasi. Usiku wazo likija, liambie lina zamu yake kesho saa 12. Siku tatu za kwanza halitatii. Endelea hadi wiki mbili. Ukiwa kitandani dakika 20 hivi bila usingizi, ondoka, kaa gizani pasipo simu, rudi usingizi ukija, la sivyo kitanda kitakuwa uwanja wa mawazo.

Sala, dua na uradi vina nafasi yao, na hata mwendo wake wa taratibu hupunguza kasi ya pumzi na kutuliza mwili. Shida huanza pale mtu anapoambiwa aache dawa ili aoneshe imani, au anapofungwa na kupigwa kwa madai ya kutolewa pepo. Nenda kwenye ibada na nenda kliniki. Anayekulazimisha uchague kimoja, muache yeye.

Lini na wapi kutafuta tiba

Wiki mbili mfululizo ndicho kipimo. Ikiwa kwa siku nyingi kati ya 14 umekosa raha au hamu ya vitu ulivyovipenda, pamoja na usingizi kuharibika, kula kubadilika, uchovu, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili kwenye kazi, nenda hospitali. Nenda pia ikiwa umekaa siku kadhaa bila kulala na huchoki, unaongea kasi, unatumia fedha ovyo. Hiyo si furaha tu, na dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa hali hiyo zinaweza kuikoleza, kwa hiyo mwambie daktari.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na njia ya kawaida ya kufika huko ni barua ya rufaa. Beba kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, dawa zote unazotumia zikiwa kwenye paketi zake, zikiwemo za mitishamba na uzazi wa mpango, na lile daftari. Kama huna uwezo wa kulipa, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa dirishani.

Ukiingia, usiseme "nina mawazo" ukanyamaza, maana utaandikiwa dawa ya usingizi ukaondoka. Sema kwa hesabu: "Wiki tatu sasa naamka saa 9 usiku, nimepungua, nalia kila siku, kazini nakosea." Utaulizwa kuhusu pombe, familia, na kama umewahi kufikiria kufa. Jibu kweli, maswali hayo huulizwa kila mtu. Omba pia mazungumzo na mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Kikao kimoja hakimalizi jambo, jipe angalau vikao sita, na kama baada ya vitatu bado humwamini huyo mtu, omba mwingine bila kuona aibu.

Dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini huchukua wiki 2 hadi 6 kuonesha kazi yake, lakini madhara madogo, kama kichefuchefu au mdomo kukauka, hutangulia wiki ya kwanza. Hapo ndipo wengi huacha, siku chache kabla ya nafuu. Ukipona, daktari atakuendeleza nazo miezi 6 au zaidi, na kuziacha ni kwa kupunguza pole pole naye. Amitriptilini ikizidi dozi inaua, iwe mbali na watoto, na mwenye mawazo ya kujidhuru asiachiwe akiba yake. Vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vya kujinunulia dukani hukuteka ndani ya wiki chache, kisha usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Usichanganye chochote kati ya hivi na pombe.

Mtu akisema amechoka kuishi

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kulitua. Usimwache peke yake, hata chooni mlango usifungwe kwa ndani. Toa nyumbani sumu ya panya, dawa za wadudu, vidonge na kamba, na fanya hivyo leo, kwa sababu hatari kubwa mara nyingi ni ya muda mfupi na kitu kisichokuwapo mkononi hakitumiki. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali ya karibu, usiku au mchana. Kwa mtoto, simu 116 ni ya bure. Kwa hatari ya papo hapo, 112.

Kwa unayeishi naye

Usiseme "jikaze" wala "mbona jambo dogo". Ukali wa hisia hauzingatii udogo wa jambo. Akiwa amepanda, punguza sauti, zima redio, mpe maji, kaa upande wake badala ya mbele yake, na usiulize sababu. Akishuka, baada ya nusu saa hivi, uliza swali moja: "Unataka nikusikilize, au unataka tutafute la kufanya?" Kisha fanya atakachochagua, hata kama wewe ungechagua jingine.